Hakuuliza Tulipika na Nini

Kabula mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na najua hamtamaliza kabla jua halijazama. Nimekaa hapa mlangoni na kalamu yako, ile uliyoniachia nikuandikie nikikukumbuka. Naanza kabla hujaondoka. Habari za chandarua, za nguo za kufua, na za watu wa kuwaogopa stesheni ya Tabora, tumeshaziongea mpaka umechoka kunisikiliza, sitazirudia. Ninalotaka kukuambia nikilianza kwa mdomo sitalimaliza. Nitalia, wewe utanibembeleza, na mimi sitaki kubembelezwa. Nataka ujue.

Jumapili, baada ya ibada, watu walipokuja hapa Kawajense kukupongeza kwa kuchaguliwa kusomea udaktari, Daktari naye alikuja. Jina lake nalijua vizuri lakini sitaliandika kwenye karatasi yangu. Ni huyo mwenye zahanati yake karibu na soko, anayeitwa kwenye kila sherehe ya mji huu na kupewa kiti cha mbele. Alikuletea chombo cha kusikilizia moyo, ukakipokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Akakuita binti yangu. Kisha akakuuliza baba yako alikufa kwa nini.

Ukamjibu kwamba ni presha.

Nilikuwa nyuma yako na birika la chai. Nilimsikia akicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua mambo, halafu akasema, “Watu wetu hawa ukiwakataza chumvi hawasikii. Na wanawake ndio wapishi, ndio wasiosikia kabisa.” Na wewe, Kabula, ukatikisa kichwa kukubali.

Chai ilimwagika kwenye mkeka, ukaninyang'anya birika ukaniambia nimechoka, nikapumzike. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimesikia maneno yale yale yaliyonitoa kwenye nyumba yangu, yakisemwa na mdomo ule ule, ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, na mwanangu akiyakubali. Sikukulaumu na sikulaumu sasa. Ulimkubalia mtu mzima kwa sababu ndivyo nilivyokulea. Lakini tangu saa ile sijapata usingizi wa maana.

Ulipokuwa mdogo, tulipohamia hapa mjini, ulitoka shule siku moja ukaniuliza kama ni kweli nilimpa baba chumvi. Watoto walikuwa wamekuimbia njiani. Nilikutuma maji bombani, na uliporudi nikajifanya nimesahau ulichouliza. Hukuuliza tena. Nadhani ulijijibu mwenyewe, na nadhani najua ulijijibu nini.

Sasa sikiliza.

Baba yako, Luhende, alikuwa Msukuma aliyeshuka huku na ng'ombe wa baba yake kutafuta malisho, na mimi ni Mkonongo wa Inyonga, hilo unalijua. Tuliishi nje ya mji, njia ya kwenda Karema, boma moja na bibi yako na baba yako mkubwa Shija. Baba yako alikuwa mtu wa maneno machache na wa kula sana. Chakula chake kilikuwa mlenda. Ungempa nyama angekula, ungempa samaki wa Ikola angekula, lakini majani ya kunde yaliyokaushwa, yakapikwa mpaka yakavutika, na ugali wa mtama pembeni, hapo ndipo ungemwona anavua shati. Wewe ulikuwa unakaa pajani kwake, anakukatia tonge anakuita mayu, kama Wasukuma wanavyowaita mama zao na binti zao.

Alianza kuumwa kichwa, kichwa cha nyuma, kisha akawa anatoka damu puani anapokamua ng'ombe. Nikamlazimisha twende hospitali. Hospitali yenyewe siitaji kwa sababu haina kosa, walikuwemo humo wauguzi waliokuwa wazuri kwangu. Daktari huyu wakati ule alikuwa kijana, ndiyo kwanza ameletwa. Alimfunga baba yako mkanda mkononi, akapuliza, akaandika. Alikuwa anaandika muda wote, hata tulipomsalimu aliitikia huku anaandika. Alisema presha iko juu, ameze vidonge hivi, aache chumvi, aache nyama za mafuta, ale mlo kamili. Na kabla hajamaliza hilo neno la mwisho alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine, na mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingia, amesimama juu ya vichwa vyetu.

Nilisema ndiyo, daktari. Baba yako naye akasema ndiyo. Tukatoka.

Njiani baba yako aliniuliza mlo kamili ndiyo chakula gani. Nikamwambia ni chakula kisichobaki kwenye sahani. Alicheka sana, mpaka akashuka kwenye baiskeli. Ndiyo maelezo pekee ya chakula tuliyoyapata, yale ya kwangu ya mzaha.

Lakini neno la chumvi nilikuwa nimelishika. Nilifika nyumbani nikaitoa chumvi yote jikoni, nikampa jirani yetu Mrundi aliyekuwa akitulimia, nikamwambia asinirudishie hata nikimwomba. Bibi yako alikasirika. Alisema mwanaume hapikiwi chakula cha mgonjwa akiwa anatembea. Nikambishia, mimi ambaye sikuwahi kumbishia mama mkwe hata kwa jicho. Nilimwambia daktari amekataza. Boma zima likala chakula kisicho na chumvi kwa sababu niliogopa nikipika vyungu viwili watoto wataninyang'anya mwiko na kuchanganya. Hao ndio wanawake wasiosikia.

Baba yako hakulalamika. Angekuwa analalamika ingekuwa nafuu. Alikuwa anakata tonge, analiangalia, analirudisha. Akaanza kukonda. Mtu yule uliyemzoea anamaliza bakuli la mlenda peke yake akawa anaacha nusu, anasema ameshiba, anakwenda kukaa na ng'ombe. Mimi nilikuwa nalala nikifikiria mlenda wake. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kuna magadi.

Wewe umekulia mjini, labda hukuwahi kuangalia vizuri. Kwetu mlenda haupikwi bila magadi. Unanunua yale mawe sokoni, unaloweka kwenye kopo, uchafu unatulia chini, unamimina maji ya juu kwenye chungu. Majani yanalainika, yanavutika, yanapata ladha yao. Maharage nayo ukiyatia yanaiva upesi, unaokoa kuni. Magadi si chumvi. Hakuna mtu kwetu angeyaita chumvi, kama vile hakuna mtu angeita sabuni chumvi. Mama yangu alitia, bibi yangu alitia, na siku zote tulitia kidogo kwa sababu chumvi nayo ilikuwepo. Sasa chumvi haikuwepo. Nikaongeza magadi. Nikaongeza tena, mpaka ladha ikarudi.

Na baba yako akala. Kabula, akala mpaka akafuta bakuli. Akaniambia, “Sasa hiki ndicho chakula. Daktari akatae hiki nitamshangaa.” Nilifurahi kupita siku zote za ndoa yangu. Nilijiona mwanamke mwerevu, niliyemshinda mama mkwe, niliyetii daktari na mume wangu bado akala vizuri. Nilimpikia hivyo asubuhi na jioni, msimu mzima wa masika. Nikikumbuka furaha yangu ile ndipo ninapomchukia mtu yule kuliko wakati mwingine wowote.

Alianguka zizini asubuhi, kabla ya maziwa. Upande mmoja ulikuwa umelala, mdomo umekwenda pembeni, anataka kusema na hasemi. Tulimpeleka kwa gari la ng'ombe, kisha kwa lori. Hakumaliza wiki. Wewe ulibaki na bibi yako, kwa hiyo hukumwona hivyo, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Daktari alikuja msibani. Alikuwa anafahamiana na baba yako mkubwa Shija, alikuwa akinunua maziwa kwake. Alikaa na wanaume, akapewa kiti, mikeka yote ile na yeye akapewa kiti. Shija akamuuliza, mbele ya ukoo wote, imekuwaje mtu aliyekuwa kwenye dawa akafa hivi. Na yeye akajibu kama alivyojibu Jumapili, kwa sauti ile ile ya kujua mambo. Alisema alimkataza chumvi. Akasema mpishi hakusikia.

Ni hivyo tu. Hakuniuliza mimi, niliyekuwa nimekaa chini umbali wa kutema mate, kichwa kimefunikwa kanga. Hakuniuliza nilimpikia nini. Alisema, akanywa soda, akaondoka.

Siku ya kumaliza msiba mjane hupika. Nilipika ugali na maharage, vyungu vikubwa, nikapakua, nikapeleka kwa wanaume, nikapeleka kwa wanawake. Hakuna aliyenawa. Walikaa na chakula mbele yao mpaka mvuke ukaisha. Bibi yako akasimama, akachukua sinia la kwanza, akalimwaga kwa kuku. Wengine wakafuata. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Ukoo ukimwagia kuku chakula cha mkono wako, utaujibu nini?

Hakuna aliyenifukuza kwa mdomo. Nilijiondoa mwenyewe baada ya siku chache nikiwa nimekubeba wewe na furushi la nguo, kwa sababu hakuna anayeweza kuishi kwenye boma ambalo hakuna atakayekula anachopika. Nikaja mjini, na jina likanifuata. Mama Chumvi. Unakumbuka. Hata nilipokuwa nauza karanga mbichi pale stesheni, karanga mbichi, Kabula, ambazo hazijagusa sufuria, walikuwepo waliopita pembeni.

Sasa utaniuliza mbona sikusema. Hapo ndipo kwenye makosa yangu, na nayaandika ili usiyarudie, si kwa sababu najuta mbele ya mtu. Kuhusu magadi sina la kutubu. Kosa langu ni kwamba nilimwamini mtu kwa sababu ya koti lake, mpaka nikajishuku mimi mwenyewe. Niliwaza labda kweli ilibaki chumvi kwenye mwiko. Labda watoto walitia. Nilikaa miaka nikichambua jikoni kwangu kichwani, chungu kwa chungu, nikitafuta chumvi ambayo sikuitia. Na kosa la pili ni kwamba nilitafuta kisasi mahali pa kipumbavu.

Nilikwenda kwa mganga, nilikuficha hilo. Mganga mmoja ng'ambo ya reli, alikuwa na sifa. Nilimwambia kuna mtu nataka apate anachostahili. Akachukua jogoo wangu, yule mwekundu uliyelia kwamba ameibwa, akanikalisha, akaniuliza nakula nini, nalala saa ngapi, nimeota nini, nani ananipikia. Nilirudi nyumbani nikicheka kwa uchungu, kwamba tapeli alitaka kujua ninachokula na msomi hakutaka. Jogoo alikwenda bure. Daktari akanenepa, akafungua zahanati, akanunua gari.

Halafu, wewe ukiwa kidato cha tano, kichwa kikaanza kuniuma mimi. Kichwa cha nyuma. Niliogopa kwenda popote mpaka niliposikia kwamba kuna daktari mwanamke ameletwa kwa muda kwenye kituo kimoja huku kwetu, mtu wa Mtwara au Lindi, sikumbuki. Nikaenda. Akanipima, akasema presha imepanda, akaweka kalamu mezani. Hilo la kuweka kalamu nililiona. Akasema, “Mama, nisimulie jana. Umeamka, umekula nini, kimepikwaje, nani alipika.”

Nilidhani ananitega. Nikamwambia situmii chumvi, tangu mume wangu afe chumvi haiingii kwangu. Akasema sawa, nisimulie tu. Nikamsimulia uji, nikamsimulia mlenda. Akauliza mlenda unatiwa nini. Nikasema majani, maji, magadi. Akauliza magadi kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mkono.

Kisha akaniambia, taratibu, kwamba kile kitu kilichomo kwenye chumvi kinachopandisha presha, kwenye magadi nacho kimo. Kwamba mwili haujali kimeingia kwa jina gani. Alisema watu wengi wa huku hawaambiwi, na wakiambiwa acha chumvi wanaongeza magadi ili waweze kula, na haoni kosa lao liko wapi.

Nilimuuliza basi kama ndiyo magadi yaliyomuua mume wangu. Hakunidanganya. Alisema hawezi kujua, hakuwepo, presha ina mambo mengi, mtu anaweza kufanya yote sawasawa na bado mshipa ukapasuka. Alisema anachoweza kusema ni kwamba hayakumsaidia, na kwamba ilikuwa kazi ya aliyemtibu kuuliza. Kisha akanifundisha kupika mlenda kwa karanga na nyanya, na ndimu mwishoni, na akanitajia majani yanayolainika yenyewe yakichumwa machanga. Alizungumza nami muda ambao angeweza kupima watu watatu. Foleni ilinung'unika, akawaambia wasubiri.

Nilitoka pale nikakaa kwenye jiwe barabarani na nikalia kwa sauti, watu wakadhani nimepewa habari ya kifo. Nilikuwa nimepewa. Kwanza nilimlilia baba yako. Kisha nikamlilia mwanamke yule aliyekuwa akimimina maji ya magadi kwenye chungu huku anaimba. Halafu machozi yakaisha na ikabaki hasira, na haijaondoka mpaka leo. Sitaki iondoke. Imenilimia mashamba.

Ulitaka kuwa mwalimu. Najua. Ulirudi likizo ile ukiniambia habari za chuo cha ualimu, nikakukatalia, nikakuambia udaktari au urudi kulima, na ulinuna wiki nzima. Ulidhani mama yako ametamani makuu. Watu wanasema nimekusomesha kwa upendo, mjane peke yake, na wanakwaya wako watakuimbia hivyo jioni hii. Upendo upo, mwanangu, usiutilie shaka. Lakini jembe nililishika kwa hasira. Kila mpunga nilioukata kule bondeni nilikata kichwa cha mtu. Nilitaka atokee daktari kwenye tumbo la Mama Chumvi, na nimempata. Kama hilo linakuumiza, uumie mapema, ukiwa bado nyumbani.

Nakuomba kitu kimoja kuhusu kazi yako, maana mengine utafundishwa na watu wanaojua. Mgonjwa akikuambia ndiyo, usimwamini. Sisi husema ndiyo ili tutoke. Mtu akiingia kwako amevaa nguo yake nzuri, ametembea tangu alfajiri, hawezi kukuambia kwamba hajaelewa, wala kwamba mayai unayomwambia amlishe mtoto ndiyo anayouza apate mafuta ya taa. Atasema ndiyo. Ukimwondolea kitu kwenye sahani yake, mwachie kingine, kwa sababu ataweka mwenyewe usipoweka wewe. Msukuma muulize maziwa anayanywaje, mabichi au ya mgando. Mtu wa Ikola muulize dagaa wake amemkausha kwenye mchanga au kwenye turubai, amemtia nini. Aliyekuja na mkewe, muulize mkewe, mtazame usoni unapomuuliza. Utachelewa. Foleni itakuchukia. Mimi nitakuwa upande wako.

Sasa nikuambie nilichofanya wiki hii, kabla hujasikia kwa wengine.

Jumatatu ulidhani nimekwenda kununua kitambaa cha sanduku lako. Nilikwenda kwenye zahanati yake. Sikuingia. Pale nje kuna benchi la wanaosubiri, nikakaa. Mwanamke mmoja wa makamo alipotoka na karatasi yake nikamwamkia, nikamuuliza ameambiwaje. Akasema presha, aache chumvi. Nikamuuliza kama ameulizwa habari za magadi. Akashangaa, akasema hapana, magadi yanahusika nini. Nikamwambia mimi si daktari, na dawa zako usiache hata siku moja, lakini rudi ndani ukamuulize yeye. Amekutoza, ana wajibu wa kukujibu.

Akarudi ndani. Akatoka baadaye amekunja uso, ananiambia Daktari amesema ndiyo, nayo apunguze. Amesema hivyo bila kuinua kichwa. Kumbe anajua. Unaelewa, Kabula? Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mjinga. Mjinga ningemwonea huruma kidogo, pengine. Anajua, na labda alijua siku zote, na kilichomshinda ni kuuliza tu.

Nikakaa Jumatatu yote. Nikarudi Jumanne, na Jumatano. Kila aliyetoka nilimwamkia, kila mwenye presha nikamrudisha ndani, na mwenye mtoto aliyedhoofu nikamrudisha akaulize mlo kamili ni chakula gani, ataje kwa majina, kinachopatikana soko la Mpanda. Walicheka mwanzoni. Kisha wakaanza kuuliza bila mimi kuwatuma. Foleni ikawa inaingia na kutoka na kuingia tena. Sijafurahi hivyo tangu siku ile ya bakuli la mlenda, nakuambia ukweli. Nilikuwa naisikia sauti yake mle ndani ikipanda.

Jana alitoka mwenyewe. Akasimama juu yangu na koti lake. Akanitambua kwamba ni mama yako, sura ikalainika, akaniuliza kwa upole kama naumwa. Nikasimama. Nikamwambia mimi ni mke wa Luhende, shemeji yake Shija wa njia ya Karema. Nikamwambia alikaa kwenye kiti msibani kwangu akasema mpishi hakusikia. Nikamweleza habari ya chumvi niliyoitoa nyumbani, habari ya magadi, habari ya chakula kilichomwagwa, yote, kwa sauti ya kawaida, kama ninavyokuandikia. Sikumtukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi tangu siku ile ya jiwe barabarani, lakini nilipomwona usoni nikaona nisimpe nafasi ya kusema mimi ni kichaa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mama, pole sana. Lakini huyo mtu simkumbuki. Wagonjwa ni wengi.”

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Sentensi iliyonitoa kwangu, iliyomfanya bibi yako asile chakula cha mkono wangu mpaka anakufa, uliyoimbiwa wewe njiani, yeye aliisema akaisahau kabla soda yake haijaisha. Nilikuwa namchukia mtu ambaye hakuwa hata ameniweka moyoni kama adui yake.

Nikamwambia sawa, hunikumbuki. Ila mwanangu anakwenda kusoma kazi yako, na akirudi atafungua mlango mtaa huu huu, na yeye anakumbuka. Watu wa benchini walisikia. Walikuwepo wanaojua jina la Mama Chumvi, niliona wanaangalia chini.

Kwa hiyo usimrudishie chombo chake. Nenda nacho, jifunzie, ukirudi nacho ukitumie kwa wagonjwa waliokuwa wake. Nataka wamwache mmoja mmoja, bila kelele, kwa sababu ng'ambo ya barabara kuna daktari anayeuliza. Nataka azeeke kwenye benchi tupu. Usiniombee nimsamehe, wala usimsamehe kwa niaba yangu, hiyo si ruhusa ninayokupa. Na kama moyo wako utakataa kubeba haya, basi beba lile la kuuliza, mengine niachie mimi, nina nguvu bado.

Jumapili aliahidi mbele ya watu kwamba kesho atakuja stesheni kukuaga. Mbele ya watu aliahidi, na hata baada ya jana nadhani atakuja, kwa sababu asipokuja watu watauliza. Shija naye amesema atakuja na ukoo wake, wanataka waonekane na daktari wao, yaani wewe. Akifika, mwamkie kwa heshima zote, shikamoo na goti, kama nilivyokulea. Kisha umuulize, mbele ya Shija, mbele ya hao wote, siku ile alipomtibu Luhende alimuuliza nini kuhusu chakula chake. Uulize kwa upole, kisha unyamaze. Usimsaidie kujibu. Honi ikilia, iache ilie, treni ya Mpanda haijawahi kuondoka kwa wakati.

Ni mimi niliyempikia baba yako,

Mama